Kitufe cha Mkono wa Kushoto

Chumba chetu cha kazi kina mlango mmoja na mafundi wawili. Upande wa dirisha nipo mimi, na cherehani yangu, na meza ya kukatia, na makoti meupe ya wanafunzi wa udaktari, maana chuo chao kipo hatua mia mbili kutoka hapa na koti la dukani halijawahi kumkaa mtu vizuri mabegani. Upande wa ukuta yupo wifi yangu, dada wa mume wangu, anayetengeneza simu. Watu wanamwita Bisibisi. Mwenyewe hajali. Anasema afadhali kuitwa kwa kifaa unachokijua kuliko kwa cheo ambacho huna.

Nianze kwa kukiri kosa langu, kwa sababu nisipolitaja mimi atalitaja yeye, tena kwa raha zake. Mwaka jana nilikata koti lenye mikono miwili ya kulia. Kila fundi cherehani anaijua aibu hiyo: unakata mkono wa kwanza, unaitandika tena ile karatasi ya kukatia bila kuigeuza, unakata wa pili, na ukija kushona unakuta yote miwili ni ya upande mmoja. Mimi, fundi mwenye miaka ishirini na mbili kazini! Bisibisi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalitundika koti lile kwenye msumari juu ya mlango, eti la kunipunguzia majivuno. Nimeliondoa mara tatu, na mara tatu amelirudisha.

Ndivyo alivyo. Akishika jambo, haliachii. Alikatisha masomo akiwa na miaka kumi na sita, baba yao alipofariki, akaanza kufungua redio mbovu za majirani ili mdogo wao wa mwisho aendelee na shule. Kutoka redio akaingia kwenye simu, na kutoka kufungua simu akataka kujua kinachofanyika ndani yake hata kama hakuna kilichoharibika. Miaka miwili nimemwona, kati ya mteja na mteja, ameinamia kompyuta ya zamani iliyokosa herufi mbili, anajifunza kuandika programu. Nilidhani ni ugonjwa wa kupita.

Yule mdogo wao ndiye tunayemwita Daktari. Jina hilo tulimpa akiwa na miaka sita, alipochukua mabaki ya vitambaa vyangu akaufunga bandeji mguu wa kiti. Sasa yuko chuoni kweli, mwaka wa pili, na nyumbani jina limeshamganda. Mama mkwe wangu akiumwa kichwa hanywi dawa mpaka ampigie simu binti yake amuulize.

Kwa hiyo siku Daktari alipoingia chumbani mwetu mchana wa jua kali, akapita bila kunisalimia, akakaa kwenye kigoda cha wateja wa simu, nilijua kuna jambo. Huyu mtoto ana adabu hata akiwa na homa. Alitoa simu yake, kioo kimepasuka kona ya chini, akaiweka mezani mbele ya dada yake.

"Anatomia nimefeli, dada."

"Umepata ngapi?"

"Thelathini na nane. Kuna mtihani wa marudio baada ya wiki sita. Nikifeli tena, wananirudisha nyumbani. Hakuna mara ya tatu."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Bisibisi hakusema pole. Aliichukua ile simu, akaigeuza huku na huku, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha langu.

"Unasomea humu?"

"Humu. Vitabu tunagombania, tuko mia mbili."

Akaifungua. Ndani kulikuwa na picha elfu nne na ushee za kurasa za vitabu na ubao wa darasani, zimechanganyika na picha za viatu na za paka wa hosteli. "Hii si simu," Bisibisi akasema, "ni stoo." Kisha akafungua programu ya kusomea ambayo wanafunzi walikuwa wamependekezewa. Ikadai nywila. Ikadai tarehe ya kuzaliwa. Ikadai isasishwe. Ikaleta ukurasa wenye maandishi madogo kama chawa, mtandao ukakatika, na yote yakaanza upya. Bisibisi alikuwa anahesabu kwa sauti kila alipogusa kioo.

"Mara kumi na moja kabla sijaona hata mfupa mmoja! Mgonjwa ameshakufa."

Daktari akacheka kidogo, kisha akaanza kulia, yote mawili kwa pamoja.

"Nyamaza. Nitakutengenezea yako," Bisibisi akamwambia, kwa sauti ileile anayomwambia mteja kwamba atambadilishia tundu la chaji.

Mimi mdomo wangu hauna breki. "Wewe, wifi? Programu ya udaktari?"

"Udaktari si wangu. Mimi nashughulika na kidole gumba."

Wiki ile nzima, kila mwanafunzi aliyekuja kuchukua koti aliombwa simu yake kwa dakika mbili. Bisibisi hakusoma jumbe za mtu. Aliizima, akailaza kwenye mwanga, akatazama alama za mafuta ya vidole kwenye kioo. Nilimwona kituko, lakini alichokiona hapo sikukiona mimi niliyewashonea makoti miaka yote. Alama zote zilikuwa chini, upande mmoja, mahali kidole gumba kinapofika bila kunyooshwa. Akawauliza, wakamwambia: wanasoma wamesimama. Kwenye foleni ya chakula, kwenye korido za wodi, nje ya mlango wa mhadhiri, mkono mmoja umeshika koti au kitabu au sahani. Wakibahatika wanapata dakika tano.

Basi akachukua karatasi yangu ya kukatia, bila kuomba, akaikata kwa mkasi wangu, bila kuomba, vipande vya ukubwa wa simu. Nilipiga kelele nikachoka. Juu ya kila kipande akachora kurasa za programu yake kwa penseli. Programu ifunguke bila kumuuliza mtu chochote. Picha moja, swali moja. Kila kitufe kifikiwe na kidole gumba cha mkono mmoja. Ifanye kazi bila mtandao wala bando. Ukiitwa wodini katikati ya swali, ukirudi ulikute swali lako linakusubiri palepale, na ulilokosea likurudie kesho, na keshokutwa, mpaka ulipate.

Mtu wa kwanza kuijaribu nilikuwa mimi, kwa karatasi tupu. Nilibonyeza karatasi kwa kidole, yeye akabadilisha kipande kuonyesha kilichofuata, kama mchezo wa watoto. Nilimuuliza nibonyeze wapi, akafumba mdomo akanitazama tu. Nikabonyeza mshale nikidhani unanipeleka mbele, kumbe ndio wa kutokea nje.

"Aa, nimekosea," nikasema.

"Hujakosea wewe, nimekosea mimi." Akakichana kile kipande, akachora kingine. Alikichana mara sita. Ya saba nilipita bila kuuliza, na nakiri nilijisikia msomi.

Picha zilitoka kwa Mzee wa Maabara. Huyu ndiye anayetunza chumba cha mifupa na viungo pale chuoni. Kwa miaka thelathini na moja amekaa nacho, na hata wahadhiri humuuliza kwa siri. Mimi humshonea aproni. Alikuwa na michoro yake mwenyewe, aliyoichora kwa sababu ile ya vitabuni ilimkera. Akampa Bisibisi yote. Tena alikuja hapa alasiri tatu mfululizo, miwani puani, simu mkononi, akaikagua programu picha kwa picha, jina kwa jina, akikataa soda mpaka amalize. Alikosoa majina manne, yakasahihishwa. Mwisho akasema, "Sasa mtu anaweza kusoma hapa." Kwa mzee yule, hiyo ni nderemo.

Sasa nifike kwenye kitufe.

Daktari ni mashoto. Utotoni mkasi wangu ulimshinda, ukawa unamtafuna vidole, na mama yake alimhamishia kijiko mkono wa kulia mpaka mtoto akawa anakula kwa kununa. Bisibisi alikuwa hajasahau. Programu ilipokuwa karibu tayari, vitufe vyote vikiwa kona ya kulia, aliona mdogo wake anavyoipindisha simu ili avifikie. Akaweka kitufe kimoja zaidi: ukikiwasha, kila kitu kinahamia kushoto. "Kwangu hakuna atakayelazimishwa kubadili mkono," akasema. Alijivunia kitufe kile kuliko kazi yote. Daktari alipokiwasha, alimkumbatia dada yake shingoni, na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Programu ikaenea darasani kwao kama kicheko. Wanafunzi walikuja kuchukua makoti huku kidole gumba kinacheza. Daktari ndiye aliyekuwa hashikiki. Alisoma akisubiri chai ichemke, alisoma akisubiri nimpime mkanda. Kila jioni alimletea dada yake alama zake: sitini, sabini na tano, tisini na moja. Mama mkwe akaanza tena kumpigia simu kuhusu kichwa chake.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika mtihani. Daktari alikuja na mwenzake, kijana mrefu kupita kiasi, ambaye koti lake hula kitambaa cha watu wawili. Tunamwita Mrefu, naye ana marudio vilevile. Nilikuwa nimepiga magoti nampindia koti lake chini, pini mdomoni, wao wanaulizana maswali juu ya kichwa changu.

"Pafu lenye sehemu tatu?" Mrefu akauliza.

"La kushoto," Daktari akajibu hata kabla hajamaliza.

"La kulia."

"La kushoto, bwana! Nimelifanya mara mia."

"Nami nimelifanya mara mia. La kulia lina tatu, la kushoto mbili."

"Fungua simu yako tuone."

Wakaziweka simu zao mbili mezani kwangu, ubavu kwa ubavu. Kwenye simu ya Mrefu, jina *pafu la kulia* lilikuwa juu ya pafu lenye sehemu tatu. Kwenye simu ya Daktari, jina lilelile, mahali palepale, lilikuwa juu ya pafu lenye sehemu mbili.

"Simu yako ina virusi," Mrefu akasema.

Mimi mapafu siyajui. Lakini niliinuka kwa ajili ya kuchukua chaki, nikaziona zile picha mbili kutoka juu. Ilikuwa picha moja. Moja imelala hivi, nyingine imegeuzwa hivi, kabisa kama mikono miwili ya koti unapoitandika mezani kabla ya kushona. Nikatema pini kiganjani.

"Wifi, hebu njoo," nikaita. "Hapa kuna mtu amegeuza kitambaa."

Bisibisi alikuja na bisibisi yake mkononi. Alitazama simu ya kwanza, akatazama ya pili, kisha akainua macho akalitazama lile koti msumarini. Akakaa chini.

Alitueleza polepole, huku akiangalia sakafu. Kile kitufe cha mkono wa kushoto kilikuwa kinageuza ukurasa mzima, kama unapojiangalia kwenye kioo. Maandishi yalipotokea kinyume, aliyarudisha. Michoro yenye majina ndani yake nayo aliizuia isigeuke, maana kosa lake lilionekana wazi. Lakini michoro isiyo na neno lolote ndani, ile ya viungo vya jozi, mapafu na figo, ambayo jina lake huwekwa juu na programu yenyewe, iligeuka kimyakimya. Jina likabaki mahali pake, kiungo kikahamia upande wa pili. Mzee wa Maabara hakuliona kwa sababu alikagua kwa mkono wa kulia. Mimi na Mrefu na wengine wengi, vivyo hivyo.

"Siku kumi na nane nimesoma hivi," Daktari akasema.

"Ndiyo."

"Na figo?"

"Na figo."

"Kwa hiyo, dada, nimejifunza mwili wa nani?"

Bisibisi akanyoosha mkono, akazizima simu zote mbili.

"Ningebaki na picha zangu elfu nne," Daktari akasema. "Angalau zile hazikunidanganya." Akatoka. Koti lake aliliacha kwenye kiti.

Nilikuwa nimeshawahi kumwona wifi yangu amechoka, amekasirika, amefiwa. Sikuwahi kumwona amevunjika vile. Kisha akavuta kompyuta yake, na kurekebisha lile kosa hakukuchukua hata muda wa kushona vifungo vinne. Mstari mmoja tu alioandika vibaya. Ndio uliotaka kumtoa mdogo wake chuoni.

"Basi imekwisha," Mrefu akasema kwa nia njema. "Kaa kimya tu, dada. Nani atajua?"

Na mimi, nasema kwa aibu, nikamuunga mkono. "Usijianike, wifi. Watu watasema nini? Nani atakuletea simu?"

Akanigeukia. "Lile koti la mikono miwili ya kulia. Ungempa mteja ukanyamaza, angejua?"

"Angejua akilivaa."

"Na hawa watajua siku wamesimama mbele ya mgonjwa."

Simu zilipopata mtandao, programu ilikuwa inamhesabia ni ngapi zimewasha kile kitufe: kumi na mbili. Angeweza kuwaandikia hao tu. Hakufanya hivyo. Aliweka tangazo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa watu wote, na programu ambayo sharti lake la kwanza lilikuwa kutomuuliza mtu chochote ikakataa kufunguka mpaka ubonyeze kwamba umesoma. Alinisomea kabla ya kulituma: *Mimi niliyetengeneza programu hii nilikosea. Kama uliwasha kitufe cha mkono wa kushoto, picha za mapafu na figo ulizoziona zilikuwa zimegeuzwa, na ulichojifunza hapo si sahihi. Kosa ni langu, si lako. Njoo chumba cha mafundi tulirekebishe pamoja.*

Hawakumwacha salama. Wapo walioifuta programu siku hiyohiyo. Utani wa "Bisibisi na mapafu" ukazunguka foleni ya chakula, na mteja mmoja, mwanamume mzima na ndevu zake, akaja kuchukua simu yake kabla haijafunguliwa, eti asije akaipata imegeuzwa. Nilitaka kumtoboa na sindano. Bisibisi alimpa simu yake, akamtakia siku njema, akarudi kwenye kazi.

Katika wale kumi na wawili walikuja saba. Daktari hakuwa mmoja wao.

Aliyekuja, na hakutarajiwa, ni Mzee wa Maabara. Nilidhani amekuja kufoka, nikampa kiti kigumu. Alikaa, akavua miwani. "Nilikagua kwa mkono mmoja," akasema. "Nami ninayo miwili." Halafu akatueleza jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Mrija wa hewa unaoingia pafu la kulia umenyooka zaidi na ni mpana zaidi kuliko wa kushoto, kwa hiyo mtoto akipaliwa na punje, mara nyingi punje huelekea kulia. Daktari asiyejua kulia kwa mgonjwa ni wapi atahangaika upande ambao hauna kitu.

"Sasa nimrekebishe vipi?" Bisibisi akauliza. "Ile picha imeshamwingia. Nikimpa nyingine zitapigana."

"Usimpe picha. Mpe mtu."

Ndipo Bisibisi alipopanda kwenye kigoda, akalitungua koti langu la aibu, akalivaa. Mkono mmoja ulimkaa, wa pili ukapinda nyuma kama bawa la kuku. Akasimama katikati ya chumba. "Chora," akaniambia. Nikachukua chaki yangu ya bluu, Mzee akaelekeza, nikamchora wifi yangu mapafu kifuani na figo mgongoni, sehemu tatu kulia, sehemu mbili kushoto, figo ya kulia ikiwa chini kidogo ya mwenzake.

Daktari alikuja siku ya tatu. Alisema amefuata koti lake. Alisimama mlangoni, akamwona dada yake amesimama pale, bawa limechomoza, chaki mwili mzima, uso hauna hata dalili ya mzaha. Mtoto alijitahidi kununa. Midomo ikamsaliti, akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Sijakusamehe," akasema akifuta macho.

"Nisamehe baada ya mtihani," Bisibisi akasema. "Sasa njoo hapa. Weka mkono kwenye kifua chako kwanza, upande wa kulia. Wako mwenyewe. Halafu unionyeshe wa kwangu."

Kila alasiri tulifanya hivyo. Mtu anayekukabili, kulia kwake kuko upande wa kushoto wako, na hapo ndipo mkono wa Daktari ulipokuwa unakimbilia pasipo. Akikosea, mimi nilipiga meza kwa rula. Siku ya kwanza nilipiga mara kumi na moja katika maswali ishirini. Ya pili, nane. Alikasirika, akatupa chaki, akaiokota. Bisibisi akageuka mgongo, akageuka mbele, akakaa, akalala juu ya meza yangu ya kukatia kama mgonjwa, na simu za wateja zikamsubiri. Wale saba wengine nao walikuja, wakajipanga mstari. Chaki ilipofutika nilichora upya. Siku ya saba rula yangu haikugusa meza.

Na usidhani programu iliachwa. Bisibisi aliongeza ukurasa mmoja. Kabla picha yoyote ya mapafu au figo haijakutokea, huoni mchoro. Unaona maneno tu: *Weka mkono wako kwenye kifua chako, upande wa kulia.* Ukurasa ule hauondoki upesi hata ukiubonyeza kwa hasira. Watu walilalamika kwamba unawachelewesha. Yeye, aliyekuwa amekata karatasi zangu zote ili asimcheleweshe mtu, alikataa kuuondoa.

Siku ya mtihani koti la Daktari nililipiga pasi mara mbili. Bisibisi alifungua simu moja asubuhi ile na mpaka saa sita alikuwa hajairudishia kifuniko. Mtihani wenyewe ni wa kuzunguka: meza zimepangwa ukumbini, juu ya kila meza kuna kiungo na swali, kengele ikilia unahamia meza inayofuata. Huruhusiwi kurudi nyuma.

Daktari alirudi mchana. Alikaa kwenye kigoda kilekile.

"Meza ya tano ilikuwa pafu," akasema. "Limetolewa kabisa, liko peke yake kwenye sinia. Swali: la upande gani?"

Bisibisi akaiweka chini bisibisi yake.

"Kwanza niliiona ile picha yako mbaya. Ikaja kabisa, na jina lake juu. Nikafumba macho. Nikaweka mkono kwenye kifua changu, upande wa kulia, halafu nikakuona wewe umesimama pale na lile bawa. Nikafungua macho, nikahesabu sehemu tatu. Nikaandika kulia."

"Uliandika kulia," Bisibisi akarudia.

"Subiri, sijamaliza. Nilipohamia meza ya sita nikageuka kumtazama aliyekuja nyuma yangu. Naye kaweka mkono kifuani. Na wa nyuma yake. Tuko ishirini na sita wa marudio, dada, na karibu kila aliyefika meza ya tano alishika kifua kabla ya kuandika. Mrefu mpaka alifumba macho kama anaapa. Msimamizi akawa anatutazama tu. Tulipotoka akanishika mlangoni, mimi, akaniuliza ni mhadhiri gani aliyetufundisha hivyo."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia si mhadhiri. Ni fundi simu, na ni dada yangu."

Matokeo yalitoka baada ya siku nne: sitini na nne. Mama mkwe alipiga kelele iliyotoka kwenye simu ikafika barabarani, na Daktari alimwambia dada yake hadharani kwamba amemsamehe. Lakini mimi nikikumbuka habari hii nakumbuka ile alasiri ya siku ya mtihani, tulipokuwa bado hatujui kitu. Wifi yangu aligeukia meza yake ili amalizie ile simu. Ilibaki skurubu moja. Bisibisi yake ikateleza, akajaribu tena, ikateleza. Mikono ile haijawahi kukosa skurubu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtania, nikaona machozi yanadondokea kwenye kioo cha simu ya mtu.

Nikanyanyuka, nikalichukua koti la mikono miwili ya kulia, lenye chaki yake, nikapanda kigoda, nikalitundika mwenyewe kwenye msumari.